Miungu ya Wagiriki ilikuwa na nguvu, utu ulikuwa kwa wanaokufa (uzi mrefu)

Kibatari (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Humu ikitajwa tu Ugiriki ya kale, mazungumzo yanakimbilia kwa Zeus, mkuu wa miungu, na radi yake, wake za watu aliowalaghai, farasi wa mbao na kisigino cha Achilles. Basi, uzi umekwisha. Halafu anatokea mmoja anauliza: hivi hawa watu waliwezaje kuabudu miungu wahuni namna hii? Anauliza kwa kejeli, lakini swali lenyewe ni zito, na ndilo limenifanya nifungue uzi huu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kupinga ajipange. Kwenye hadithi za Wagiriki, ukitafuta maadili kwa miungu utarudi mikono mitupu. Miungu ina nguvu, ina uzuri, ina raha isiyoisha. Ujasiri, huruma, kutimiza ahadi huku unajua itakutoa roho, hayo yako kwa binadamu, na yako kwao kwa sababu wanakufa. Asiyekufa hana cha kupoteza, sasa huyo ushujaa wake utaupima kwa nini?

Nitakaa zaidi kwenye Iliad ya Homer, utenzi wa vitabu 24 na mistari zaidi ya 15,000, uliotungwa takriban karne ya 8 KK. Ambaye hajausoma ajue kwamba hausimulii vita vyote vya Troy, mji ambao Wagiriki waliuzingira. Unasimulia wiki chache tu za mwaka wa kumi wa vita: unafunguliwa na hasira ya Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki, unafungwa na maziko ya Hector, mlinzi mkuu wa Troy. Farasi wa mbao hayumo. Mtafute kwenye Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, wa safari ya Odysseus kurudi nyumbani kutoka vitani.

Nashusha taratibu. Wenye maswali msisubiri nimalize.

Ngosha

Nimeweka kambi hapa. Shusha mkuu.

Kibatari

Tuanze na kitabu cha 1, maana watu wengi wanakisoma kwa kurukaruka.

Kuhani wa Apollo, mzee Chryses, anafika kambi ya Wagiriki na fidia kubwa kumkomboa binti yake aliyetekwa. Agamemnon, amiri jeshi, anamfukuza kwa matusi. Mzee anatembea kimya ufukweni, anamwomba mungu wake. Apollo anashuka na upinde kutoka Olympus, mlima wa miungu. Anaanza kufyatulia nyumbu na mbwa, halafu watu. Siku 9 mishale ya tauni inanyesha kambini, na mioto ya kuchomea maiti haizimiki. Anayekufa ni askari wa kawaida ambaye hakumtukana mtu. Agamemnon mwenyewe hata kikohozi hapati.

Siku ya 10 Achilles anaitisha baraza, ugomvi unawaka, Agamemnon anakubali kumrudisha binti wa kuhani lakini kwa kujifidia anamnyang'anya Achilles mateka wake, Briseis. Achilles anasusa vita. Mama yake Thetis, mungu wa baharini, anamwahidi kwenda kumwomba Zeus, ila itabidi kusubiri, kwa sababu Zeus na miungu wote wamesafiri kwenda kwa Waethiopia kwenye karamu na watarudi siku ya 12. (Naam, Homer anawaita Waethiopia watu wasio na lawama. Kwenye Iliad nzima hao ndio wenyeji ambao miungu huenda kwao kula kwa raha.)

Sasa tazama kitabu kinavyoisha. Tuko Olympus. Zeus na mkewe Hera wamegombana mezani, hali ya hewa imechafuka. Hephaestus, mungu mhunzi mwenye miguu mibovu, anachukua kazi ya kumimina kinywaji. Anachechemea huku na huku na jagi, na miungu wote wanapasuka kicheko ambacho hakizimiki. Wanakula mpaka jua linazama. Na muziki upo: anayepiga kinubi ni Apollo. Mikono ile ile iliyovuta upinde siku 9.

Homer hasemi lolote juu ya hilo. Anaweka kinubi mkononi mwa Apollo, anawapeleka miungu kulala, kitabu kinafungwa.

Nenda kitabu cha 5. Ares, mungu wa vita mwenyewe, anachomwa mkuki tumboni na Diomedes, binadamu, huku mungu wa kike Athena akiusukuma mkuki huo. Ares anapiga yowe kama la watu elfu tisa au elfu kumi. Anapaa kwa baba yake kulalamika na kuonyesha damu. Zeus anamwambia wewe ndiye ninayekuchukia kuliko wote hapa, lakini anaagiza atibiwe. Dawa inapakwa, anapona papo hapo, anaogeshwa, anavikwa nguo nzuri, anakaa karibu na Zeus anajisikia vizuri kabisa. Hiyo ndiyo vita kwa miungu. Huku chini, kwenye kurasa hizo hizo, kijana anachomwa mkuki na Homer anatulia kidogo kutuambia baba yake alikuwa nani na nyumbani kwao ni wapi, kisha giza linafunika macho yake.

Nyundo Kavu

Mleta mada unaandika vizuri ila unachagua ushahidi. Nitakupa vitu vitatu ulivyoviruka.

Kwanza, Zeus ndiye mlinzi wa wageni na waombaji. Kwenye Odyssey wanasema wazi kwamba wageni na ombaomba wote wanatoka kwa Zeus. Sasa unasemaje maadili hayako kwa miungu wakati anayewatisha watu wasimfukuze mgeni ni mungu?

Pili, Sarpedon. Mwana wa Zeus, mfalme wa Lycia, anapigana upande wa Troy. Kitabu cha 16 Zeus anaona mwanawe anakwenda kuuawa na Patroclus, rafiki mkubwa wa Achilles, roho inamuuma, anadondosha mvua ya damu juu ya ardhi kwa heshima ya mtoto. Baba huyo hana huruma?

Tatu, Apollo huyo huyo unayemsema na kinubi ndiye aliyeulinda mwili wa Hector, Achilles alipokwisha kumuua na kuwa akiuburuta nyuma ya gari. Siku zote zile ngozi haikuchubuka. Na kitabu cha 24 ni yeye anayesimama mbele ya miungu na kusema Achilles amepoteza huruma. Jibu hayo.

Kibatari

Nyundo Kavu, hivi ndivyo nilivyotaka. Nitaanza na Sarpedon kwa sababu ndipo hoja yangu ilipo hasa.

Zeus anawaza: nimnyakue nimrudishe kwao Lycia akiwa hai, au nimwache? Hera anamjibu: fanya, lakini sisi wengine hatutakuunga mkono, na jua kwamba miungu wengine nao wana watoto pale, kila mmoja atataka kumtoa wake. Zeus anakubali. Analia damu, mtoto anakufa, Usingizi na Kifo wanaubeba mwili kwenda kuzikwa kwao. Simkatalii Zeus uchungu. Lakini uchungu huo unamgharimu nini? Kesho yuko mezani.

Sasa msikilize huyo Sarpedon mwenyewe, kitabu cha 12, kabla ya kuvamia ukuta wa Wagiriki. Anamgeukia rafiki yake Glaucus, anamuuliza (natoa kwa maneno yangu): kwa nini sisi kule Lycia tunapewa viti vya mbele, nyama nono na vikombe vilivyojaa, watu wanatutazama kama miungu, na tunamiliki mashamba mazuri kando ya mto? Basi ni lazima sasa tusimame mstari wa mbele, ili askari wetu aseme hawa wafalme wetu hawali bure. Halafu anaongeza jambo ambalo nadhani ni zito kuliko yote yaliyosemwa na shujaa yeyote kwenye utenzi ule: ndugu yangu, kama tungeweza kutoka kwenye vita hivi tukaishi milele bila kuzeeka, mimi nisingepigana mbele wala nisingekutuma wewe. Lakini kifo kinatuzunguka kwa sura elfu na hakuna wa kukikwepa, basi twende.

Mnaona? Anasema mwenyewe kwamba angekuwa mungu asingepigana. Ushujaa wake umesimama juu ya kaburi lake. Baba yake Zeus hawezi kuitoa hotuba hiyo hata akitaka.

Kuhusu mgeni: ndiyo, Zeus ndiye mwenye sheria. Lakini angalia nani anailipia. Kitabu cha 6 Diomedes na Glaucus wanakutana katikati ya majeshi mawili wakiwa tayari kuuana, wanaulizana ukoo, wanagundua babu zao walikaribishana nyumbani. Wanashuka kwenye magari, wanashikana mikono, wanaapa kukwepana vitani, wanabadilishana deraya. Glaucus anatoa ya dhahabu ya thamani ya ng'ombe 100, anapokea ya shaba ya ng'ombe 9. (Homer anamcheka hapo, anasema Zeus alimtoa akili.) Wako vitani, mkono wa Zeus hauonekani popote ila kwenye bei mbaya, na watu wawili wanarudisha mikuki kwa ajili ya chakula walichokula babu zao.

Suala la Apollo na mwili wa Hector nitalirudia, linahitaji nafasi yake.

Mwanapwani

Ahsante mleta mada. Nilipokuwa nasoma nikamkumbuka Fumo Liyongo wetu. Naye hakuuawa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Sasa Achilles na kisigino, Liyongo na kitovu, si ni shujaa yule yule mwenye sehemu moja ya kufia? Huenda hadithi zilivuka bahari.

Kibatari

Mwanapwani, swali tamu. Ila kisigino hakimo kwa Homer hata mstari mmoja. Habari ya mama kumchovya mtoto kwenye mto Styx tunaipata kwa mshairi wa Kirumi Statius, karne ya 1 BK, yaani karne nyingi baadaye. Kwenye Iliad Achilles ana ngozi kama yangu na yako. Kitabu cha 21 mtu anayeitwa Asteropaeus anamrushia mikuki miwili kwa mpigo, mmoja unamparuza mkono wa kulia, damu nyeusi inatoka.

Na tofauti hiyo inabadilisha kila kitu. Achilles wa kisigino ni mtu aliyekuwa na kinga halafu akakosa bahati. Achilles wa Homer hana kinga. Ana taarifa. Kitabu cha 9 anaeleza kwamba mama yake alimwambia ana njia mbili: abaki Troy afe kijana na jina lake lisife, au arudi nyumbani aishi mpaka uzee bila sifa. Kitabu cha 18, baada ya Patroclus kuuawa, Thetis anamwambia ukimuua Hector, kifo chako kinafuata mara moja. Anajibu: basi na nife mara moja, kwa kuwa sikumsaidia rafiki yangu alipouawa. Anakwenda akiwa anajua.

Kwa hiyo Liyongo na kisigino mnaweza kuviweka pamoja, sina ugomvi. Homer muacheni nje.

Mpiga Mbizi

Mimi naona ni hadithi za kipagani tu. Mungu anayezini na kudanganya si mungu. Mnapoteza muda.

Ngosha

Mpiga Mbizi, umechelewa kama miaka 2,500. Mgiriki mwenzao, Xenophanes wa Colophon, alishawaambia hayo karne ya 6 KK: Homer na mshairi mwenzake Hesiod wamewabandika miungu kila kitu ambacho kwa binadamu ni aibu, wizi, uzinzi na kudanganyana. Akaendelea kusema Waethiopia wanasema miungu yao ni myeusi yenye pua bapa, Wathrace wanasema yao ina macho ya buluu na nywele nyekundu, na kwamba ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono ya kuchora, wangechora miungu yenye sura ya ng'ombe na farasi. Mwanafalsafa Plato naye baadaye akataka hadithi hizi zisifundishwe kwa watoto katika mji wake wa kufikirika. Kwa hiyo huu ubishi ni wa kwao wenyewe, siyo sisi tulioanza kuwashangaa.

Mleta mada, mimi nina langu. Kule kitabu cha 2 kuna jamaa anaitwa Thersites. Mbona humtaji? Au mashujaa ni wafalme peke yao?

Kibatari

Ngosha umenikamata pazuri. Thersites ni askari wa kawaida, Homer anamchora mbaya wa sura kuliko wote: matege, kilema, mabega yamekunjika, kichwa kimechongoka na kina vinywele vichache. Anasimama barazani anamwambia Agamemnon ukweli mtupu: nyumba zako zimejaa shaba na wanawake tuliokuletea sisi, unataka nini tena? Turudini nyumbani tumwache ale zawadi zake peke yake. Maneno ambayo ni yale yale Achilles aliyoyasema kitabu kimoja nyuma. Achilles alisikilizwa, mzee Nestor akambembeleza. Thersites anachapwa fimbo ya kifalme mgongoni na Odysseus, mgongo unavimba, chozi linamtoka, anajifuta, na askari wenzake wanacheka.

Siwezi kulipamba hilo. Utu wa Homer una tabaka. Ajabu ni kwamba hotuba yenyewe hakuifuta. Ameiweka nzima ili tuisome.

Ua Jekundu

Kaka Kibatari, nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa naomba niingie. "Utu kwa wanaokufa", sawa. Utu upi? Achilles huyo mnayemsifia aliwachinja vijana 12 wa Troy kwenye moto wa maziko ya Patroclus. Odysseus akirudi nyumbani, baada ya kuua waposaji waliomtaka mkewe, watumwa wa kike 12 wanalazimishwa kwanza kubeba maiti na kusafisha damu ukumbini, halafu mwanawe Telemachus anawanyonga kwa kamba ya meli. Homer anasema miguu ilitikisika kidogo, si muda mrefu. Hao watumwa wangekataaje kulala na wanaume walioivamia nyumba miaka yote hiyo?

Nikitaka utu nitautafuta kwa wanawake wao. Andromache, mke wa Hector, kitabu cha 6, yuko langoni na mtoto mikononi mwa yaya, anamwambia Hector: Achilles alimuua baba yangu, akaua kaka zangu 7 siku moja, mama yangu kafa, wewe ndiwe baba yangu, mama yangu, kaka yangu na mume wangu. Tena anampa ushauri wa kijeshi! Anamwonyesha mahali ukuta ulipo dhaifu, panga jeshi pale. Watu wanasoma kilio wanaruka ushauri. Hector anamjibu kwamba ataona aibu mbele ya watu wa Troy akijificha kama mwoga. Anajua mji utaanguka, anasema waziwazi, na anajua mke wake atachukuliwa kusuka na kuchota maji kwenye nyumba ya mtu mwingine. Halafu anakwenda.

Anaponyoosha mikono amchukue mtoto, mtoto anapiga kelele kwa kuogopa manyoya ya farasi yanayoning'inia juu ya chapeo. Baba na mama wanacheka. Hector anaivua chapeo, anaiweka chini, ndipo anambeba na kumbusu. Hapo tu ndipo nilipompenda. Lakini aibu yake ndiyo iliyomfanya mkewe mjane, tusiiite tu ushujaa tukaendelea na safari.

Athens waliliona hili. Mwaka 415 KK Euripides aliweka jukwaani tamthilia ya wanawake wa Troy baada ya mji kuanguka: wanagawanywa kwa washindi, na mtoto yule aliyeogopa chapeo anatupwa kutoka ukutani. Miezi michache kabla, Waathens wenyewe walikuwa wameuteka mji wa Melos, wakaua wanaume, wakauza wanawake na watoto. Watazamaji walikaa wakaitazama.

Nyundo Kavu

Dada Ua Jekundu umeupasua uzi. Na hata Hector mwenyewe, akikabiliana na Achilles, alidanganywa na mungu: Athena anajigeuza Deiphobus, ndugu yake, anamwambia simama tupigane pamoja. Hector anarusha mkuki, anageuka kumwomba ndugu yake mkuki mwingine, hakuna mtu. Hapo, mleta mada, nakupa pointi moja.

Kibatari

Pokea shukrani zangu, Nyundo. Dada Ua Jekundu, sina jibu la kuwatetea wale 12 na wale 12. Sikusema mashujaa hawa ni wema. Nilisema wema ukitokea, unatokea kwao, kwa sababu ndio wanaoweza kupata hasara kwa ajili yake. Wakati mwingine hautokei kabisa.

Kabla ya kwenda kitabu cha 24, nipite Odyssey haraka. Odysseus amekaa kisiwani kwa Calypso miaka 7. Huyo ni mungu, mzuri, na anamwahidi asizeeke wala asife. Odysseus anamjibu kwa adabu: najua mke wangu Penelope hakufikii kwa sura wala kimo, yeye ni binadamu na wewe huzeeki, hata hivyo nataka nyumbani. Anapanda jahazi la magogo aliloliunda mwenyewe, na bahari inataka kumuua tangu hapo. Ameukataa uungu, na aliyeusifia uungu ule ni mungu mwenyewe.

Kwenye kitabu cha 11 anakutana na kivuli cha Achilles kuzimu. Anamsifu: ulipokuwa hai tulikuheshimu kama mungu, na hapa unatawala wafu. Achilles anamkatiza: bora niwe kibarua shambani kwa mtu maskini asiye na kitu kuliko kuwa mfalme wa wafu wote. Kisha swali la kwanza analouliza ni habari za mwanawe na za baba yake, mzee Peleus. Sifa alizozifia hazitaji.

Peleus huyo ndiye anayetupeleka kwenye hema la Achilles.

Kitabu cha 24 cha Iliad. Siku zinapita, Achilles hali vizuri, halali, kila alfajiri anaufunga mwili wa Hector nyuma ya gari na kulizunguka kaburi la Patroclus mara tatu. Miungu wanabishana. Hapa ndipo Apollo anasema yale aliyoyataja Nyundo Kavu, kwamba Achilles ameua huruma. Lakini soma na mistari ya karibu: Apollo anasema mtu anaweza kufiwa na ndugu au mtoto, akalia, kisha akaacha, kwa sababu binadamu wamepewa moyo wa kustahimili. Anauzungumzia moyo huo kama mtu anayeeleza habari za nchi ambayo hajawahi kuishi.

Priam, mfalme wa Troy na baba wa Hector, anapanda gari lake usiku, fidia iko kwenye gari jingine. Anaingia hemani bila kuonekana, Achilles ametoka kula, meza bado iko pale. Mzee anapiga magoti, anayakumbata magoti ya Achilles, anaibusu mikono iliyoua watoto wake. Waliomo wanatazamana. Neno lake la kwanza: mkumbuke baba yako, mzee kama mimi. Yeye angalau anasikia kwamba u hai na anatarajia kukuona. Mimi nilikuwa na wana 50, 19 wa tumbo moja, na yule aliyekuwa akiulinda mji umemuua juzi. Nimethubutu jambo ambalo hakuna binadamu mwingine amelithubutu, kuupeleka mdomoni mkono wa mtu aliyemuua mwanangu.

Achilles anamshika mzee mkono, anamsogeza taratibu. Wanalia wote wawili kwenye hema moja. Priam analia Hector amejikunja miguuni pa Achilles. Achilles analia baba yake, kisha Patroclus. Hakuna anayemfariji mwenzake.

Kisha Achilles anaeleza: mlangoni kwa Zeus kuna mitungi, wa mabaya na wa mema. Yeye anatuchanganyia. Miungu wenyewe hawana huzuni. Mwana wa mungu anamwambia adui yake kwamba miungu hawana huzuni.

Lakini tusiweke asali. Priam anakataa kukaa, anataka mwili haraka, na macho ya Achilles yanabadilika: usinichokoze, mzee, nisije nikakuua humu humu. Anatoka nje kama simba. Anaagiza mwili uoshwe mbali, Priam asiuone, kwa sababu mzee akiuona atapandisha hasira, na yeye anajijua, atamuua. Huruma yenyewe inabidi ipangiwe ulinzi. Anaunyanyua mwili kwa mikono yake kuuweka kitandani, halafu anarudi na kusema tule sasa, hata Niobe alikumbuka kula baada ya watoto wake 12 kuuawa. Anachinja kondoo mwenyewe. Wakishakula wanatazamana, Priam anashangaa ukubwa na uzuri wa Achilles, Achilles anashangaa sura na maneno ya mzee. Anamuuliza: matanga mnahitaji siku ngapi? Priam anahesabu: 9 za kulia nyumbani, ya 10 kuzika na kulisha watu, ya 11 kujenga kaburi, ya 12 tutapigana, kama ni lazima. Achilles anasema nitalizuia jeshi.

Nyundo Kavu

Mkuu, hapa nimenyamaza kidogo. Lakini bado: nani alimfikisha Priam hemani? Hermes, mungu mjumbe. Zeus ndiye aliyemtuma, Zeus ndiye aliyemwita Thetis amwambie mwanawe auachie mwili. Bila miungu hakuna mkutano huo.

Kibatari

Kweli kabisa, Hermes alimwendesha gari, akawalaza walinzi, akafungua komeo la lango ambalo kwa kawaida linahitaji wanaume watatu. Halafu mlangoni anashuka na kusema mimi naondoka, haifai mungu asiyekufa apokewe na binadamu uso kwa uso namna hii. Anarudi Olympus. Homer amemtoa nje makusudi kabla mzee hajaingia.

Nyundo Kavu

Na akarudi usiku huo huo kumwamsha mzee aondoke kabla hajaonekana. Kitabu hicho hicho. Hilo umelikalia.

Kibatari

Sijalikalia, nilikuwa nakusubiri. Akarudi akamwambia nini? Umetoa fidia kubwa kwa maiti. Agamemnon akijua uko hapa, watoto wako waliobaki watatoa mara tatu kukukomboa wewe. Anafanya hesabu ya fidia. Humo ndani hemani, tangu mzee apige magoti, fidia ilikuwa imeshapoteza uzito; walikuwa wanaongea habari za baba.

Ua Jekundu

Mmegombania Hermes mkaruka mistari michache kabla hajarudi. Priam amelala barazani. Achilles amelala ndani kabisa, na ubavuni mwake yuko Briseis. Kitabu cha 19 mwanamke huyo analia juu ya Patroclus, anasema mume wake aliuawa mbele ya mji wao, na kaka zake watatu, siku moja, na kwamba Patroclus ndiye aliyekuwa akimwambia asilie, atamfanya awe mke halali wa Achilles. Baada ya hapo hasemi tena neno lolote kwenye Iliad. Usiku ule ule wa huruma wenye wafiwa wawili waliolia mpaka wakaridhika, hemani mlikuwa na mfiwa wa tatu, na fidia yake hakuna aliyeileta.

Kibatari, hilo nalo liingize kwenye hoja yako, halafu turudi tubishane.